Sahani Moja na Mama Mkwe

Celestine alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Alhamisi. Aliyapanga darasani, wanafunzi wake wa kidato cha tatu pale Awasi wakihangaika na hesabu za pembetatu, akayapanga tena Ijumaa akipiga pasi, na Jumamosi hiyo saa sita mchana, alipokuwa akishuka kuelekea ufuo wa Dunga, aliona hakuna neno litakalomponyoka. Angemwamkia mama. Angeosha vyombo viwili vitatu ili mama amwone ni binti mwema. Kisha angesema: Mama, yule mtu uliyekataa nikutajie jina lake, leo nitalitaja, utake usitake.

Akapita mbele ya hoteli ndogo ya mama yake, akazunguka nyuma, akasukuma mlango wa jikoni. Maneno yote yakamtoroka.

Mama yake, Penina, alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu kainyoosha. Mbele yake ameketi Simiyu. Simiyu wake Celestine, yule yule aliyemwandikia usiku mwema jana na kumwongezea moyo mwekundu, sasa amevaa aproni ya mama yenye maua ya zambarau, mashavu yamemjaa ugali. Kati yao palikuwa na sahani moja. Juu ya sahani palikuwa na samaki mkubwa wa kukaanga, ngege, na vidole vya mama na vidole vya Simiyu vilikuwa vinagombania tumbo lake, pale penye mafuta.

“Toa mkono,” mama alikuwa akisema. “Wewe umekula upande wako.”

“Chairlady, upande wangu ulikuwa na mifupa tupu.”

“Mifupa ndio chakula ya fundi.”

Na wakacheka wote wawili, wamezoeana sana.

Msomaji anayetoka mbali aelewe kwa nini Celestine alishika mwimo wa mlango. Kwa Wajaluo, mwanamume na mama wa mke wake hawali pamoja. Wanaheshimiana kwa mbali. Na kwa Wabukusu, watu wa Simiyu, ni zaidi: ukimwona mama mkwe anakuja njiani, unaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Hampeani mkono, hamketi kiti kimoja, wala hamtaniani. Hawa wawili hapa walikuwa wameyavunja yote hayo kwa samaki mmoja, na hakuna hata mmoja aliyejua. Aliyejua ni Celestine peke yake, na kosa lilikuwa lake.

Ni yeye aliyewaficha, kila mmoja asimjue mwenzake. Mama alipokataa, Desemba, kusikia habari za mchumba wake, Celestine hakumwambia Simiyu kwamba amekataliwa. Alimwambia tu kwamba mama hajawa tayari, na kwamba anauza samaki “huko ziwani.” Ziwa lina fuo nyingi, na alijua tabia ya Simiyu. Angeambiwa mahali, angefika kesho yake asubuhi na shati limepigwa pasi. Tena ni Celestine huyu huyu aliyemfukuza nyumbani akatafute kazi. Miezi na miezi Simiyu alikuwa amejifungia chumbani kwake Manyatta na kompyuta yake, akituma maombi ya kutengeneza tovuti kwa watu wa nchi asizozijua, akishindana na maelfu, akijibiwa na mmoja kati ya mia. “Wateja wa Kisumu hawako ndani ya hiyo kompyuta,” Celestine alimwambia. “Wako sokoni. Toka nje.” Akatoka. Akaanza na soko la Otonglo, akarudi na viatu vimejaa vumbi bila mteja hata mmoja. Kisha siku moja akarudi na habari za mwanamke mmoja anayemwita Chairlady, na tangu hapo kila jioni ilikuwa Chairlady kasema hivi, Chairlady kanipeleka kule, mpaka Celestine akaanza kumwonea wivu huyo mama asiyemjua. Kwamba mama yake amechaguliwa mwenyekiti wa kina mama wa samaki, Celestine hakujua; Penina hakuwa mtu wa kutangaza jambo kama hilo kwa simu.

“Eh, mwalimu amefika,” mama akasema alipomwona. “Ingia, nyathina, mtoto wangu, mbona unasimama kwa mlango kama mtu wa kuuza sabuni? Fundi, huyu ndiye binti yangu. Anaitwa Celestine.”

Simiyu akageuka. Tonge lilikuwa limefika mdomoni na halikuingia. Macho yake yakamtazama Celestine, yakamtazama mama, yakarudi kwa Celestine, na hapo Celestine akamwona akifananisha pua kwa pua na kidevu kwa kidevu. Rangi ikamhama usoni.

“Shikamoo,” Simiyu akasema, na hakuna aliyejua anamwamkia nani.

“Unaamkia mtoto shikamoo?” mama akacheka. “Msalimie kwa mkono.”

Wakapeana mikono. Mkono wa Simiyu ulikuwa na mafuta ya samaki, na hata katika balaa ile Celestine alihisi ule mshtuko mdogo anaouhisi kila akimgusa. Akauachia haraka.

“Keti, nikuambie huyu kijana,” mama akasema, akimsukumia Celestine kigoda. “Huyu alikuja hapa kula, hakuja kuuza kitu. Akamaliza samaki, akaniuliza, Mama, hii namba ya simu kwa ubao wako nani aliandika? Nikamwambia ni mtu wa rangi, mwaka jana. Akasema imepungukiwa namba moja. Mwaka mzima, Celestine. Mwaka mzima nimetundika namba hakuna mtu anaweza kupiga, na kila siku nalia Kisumu hakuna wateja.”

“Mama, hukuwahi kuniambia.”

“Ningekuambia nini? Ati mimi ni mjinga? Akatafuta rangi, akaongeza namba, akaenda zake. Hakuniitisha kitu. Hiyo wiki hoteli moja kule Milimani ikanipigia. Aliporudi kula, nikamwambia, wewe unajua kazi lakini hujui kutafuta kazi. Unakaa na kompyuta unangojea mzungu. Simama twende. Nikamshika mkono hivi.” Akamshika Simiyu mkono kuonyesha. Simiyu akafumba macho. “Nikampeleka kwa Elsie wa kuuza omena. Elsie akasema hataki websaiti. Nikamwambia, Elsie, nani amekuuliza kama unataka? Sasa Fundi ako na wateja tisa, na saba ni mimi nimemletea. Kula, Fundi. Mbona umeacha?”

“Nakula, Mama,” Simiyu akasema, na hakula.

“Na wewe ndio umwambie huyu binti yangu,” mama akaendelea, akipasua ngege kwa dole gumba. “Ana mtu wake mahali. Ati pia ni wa kompyuta. Miaka miwili anatafuta wateja, Fundi. Miaka miwili. Nikamwambia, mtu mwenye kazi, kazi yake inaonekana. Nikakataa. Hata jina nilikataa kusikia, kwa sababu ukishajua mtu jina unaanza kumhurumia.”

Mafuta yalikuwa yakichemka kwenye karai. Simiyu alimtazama Celestine. Hakukuwa na hasira katika mtazamo ule, na ingekuwa hasira pengine ingekuwa nafuu. Yalikuwa macho ya mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni miaka miwili akidhani wenye nyumba wanavaa, kumbe walikwishafunga mlango. Celestine akainamisha kichwa.

“Wewe unaonaje?” mama akamuuliza. “Wewe ni mtu wa kazi hiyo. Huyo wa Celestine ana shida gani?”

Simiyu akaitazama sahani. “Pengine hana shida, Mama. Pengine hajapata mtu wa kumshika mkono ampeleke kwa Elsie.”

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Akang'oa kichwa cha ngege, kile anachowekewa mtu anayependwa, akakiweka upande wa Simiyu.

“Chairlady,” sauti ikaita kutoka nje. Ilikuwa ya Elsie mwenyewe. “Watu wa viti wamekuja, na wanataka kuweka kwa jua.”

“Yawa, hawa watu,” mama akasema, akainuka. “Saa nane mkutano unaanza, Fundi. Leo wale kina mama wote kumi na wanne wanakubali websaiti ya chama, ama nitajua kwa nini. Maliza hiyo kichwa.” Akatoka.

Wakabaki wawili. Simiyu akainuka taratibu, akarudi nyuma hatua mbili kutoka kwa sahani.

“Ni mama yako,” akasema.

“Ni mama yangu.”

“Mama yako mzazi.”

“Unadhani nimemkodisha?”

“Celestine, usinichekeshe. Nimekula na yeye Jumanne. Nimekula na yeye juzi. Jumamosi iliyopita mfupa ulinikwama kwa koo, na huyu mama akautoa na kidole chake. Kidole chake, Celestine. Wazee kwetu wakisikia, sijui watanifanya nini.”

Celestine akajiziba mdomo. Kicheko na kilio vilikuwa vimefika kooni pamoja, na hakujua ni kipi kitatangulia.

“Kwa nini hukuniambia alinikataa?” Simiyu akauliza, na sasa sauti ilikuwa ya chini. “Ulisema hajawa tayari.”

“Niliogopa ungekuja.”

“Ningekuja.”

“Ndiyo hiyo niliogopa. Angekufukuza mbele ya watu, na wewe ungerudi kwako umevunjika, na ungeacha hata hiyo kazi. Nilikuwa nakulinda.”

“Ulikuwa unanificha,” Simiyu akasema. “Kila jioni nakueleza habari zangu zote, hadi rangi ya ukurasa. Na wewe ulikuwa na hii moja, ukakaa nayo.”

Mtu anayempenda alikuwa amesema kweli, na ilimuuma Celestine zaidi kwa kuwa aliisema bila kupandisha sauti. “Nisamehe,” akasema. “Leo nilikuja kumwambia. Naapa. Nilipanga maneno tangu Alhamisi.”

Mdomo wa Simiyu ukaanza kulegea upande mmoja, kama unavyolegea kila anapotaka kubaki amekasirika na kushindwa.

“Na umependeza,” akasema. “Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Siwezi hata kukasirika vizuri.”

Celestine akacheka, machozi yakamtoka. Akasogea karibu. “Sikiza. Ulisema ukifika wateja kumi utaleta wazee wako. Wa kumi ni hiki chama, na ni saa nane leo. Imebaki saa moja na nusu. Tunyamaze. Wakubali kazi kwanza, kisha jioni nitamwambia mama pole pole.”

Simiyu akafungua kamba za aproni. Akaikunja aproni ile ya maua kwa uangalifu, pembe kwa pembe.

“Hiyo kazi naitaka,” akasema. “Mungu anajua vile naitaka. Lakini mpaka leo asubuhi nilikuwa sijui. Sasa najua. Nikiketi tena hapo nile na yeye, hiyo itakuwa dharau, na siku atakapojua, atakumbuka kwamba nilimtazama macho nikijua. Hapo hata nikiwa na wateja mia hatanipa mtoto wake.” Akaitundika aproni msumarini. “Ni mama yako. Wewe ndiye utaamua utasema lini. Mimi nakataa tu kuketi naye.”

Kabla Celestine hajajibu, mama aliingia. Akatazama sahani, akatazama aproni msumarini, akamtazama Simiyu aliyekuwa amegeukia ukuta akisoma kalenda ya mwaka juzi.

“Mbona hujakula kichwa?”

“Nimeshiba, Mama.”

“Wewe? Wewe umeshiba?” Mama akamsogelea. “Uko na joto? Hebu nione.” Akanyoosha mkono amguse paji la uso.

Simiyu akaruka nyuma. Mgongo wake ukagonga rafu, na sufuria tatu zikaanguka chini kwa kishindo. Hakuna aliyeziokota. Mkono wa mama ulibaki hewani, na usoni mwake Celestine akaona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu baba yake azikwe. Mama alikuwa ameumia.

“Fundi, nimekukosea nini?” akauliza. “Ni yale nilisema, ati hujui kutafuta kazi? Hiyo ni mdomo yangu tu. Elsie anajua. Mimi mtu nisiyempenda simwambii kitu.”

Simiyu alimtazama Celestine. Hakumhimiza kwa kichwa wala kwa jicho. Celestine akaona kwamba mwanamume huyu yuko tayari kuonekana mgonjwa, au mwenye kiburi, au mwizi wa sufuria, kuliko kumnyang'anya neno lake. Akampenda hapo kuliko siku zote.

“Mama,” akasema, “yule mtu wangu.”

“Achana na huyo mtu kwanza, huoni huyu kijana ni mgonjwa?”

“Mama, ndiye huyu. Anaitwa Simiyu. Ni wa Bungoma. Hakujua wewe ni mama yangu, mpaka leo ulipomwambia. Mimi ndiye nimewaficha.”

Mama alitazama mkono wake, ule aliotaka kumgusa nao, akautazama mbele na nyuma. Akausogeza kwenye beseni, akaunawa, akaupangusa. Kisha akafungua leso kiunoni, akajifunika nayo kichwa na mabega, akageuza uso upande wa jiko, na akipita pembeni kabisa, mbali na Simiyu kadiri jikoni ile ndogo ilivyoruhusu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Celestine alijua hasira za mama yake. Mama akikasirika, ufuo mzima unajua. Aliwahi kumfukuza dalali mmoja kwa mwiko wa ugali hadi barabarani, akimtaja baba na babu. Lakini kimya hiki hakukijua, na kilimtisha.

“Amekasirika?” Simiyu akauliza.

“Sijui.”

“Basi yamekwisha.” Alianza kukunja waya wa kompyuta yake, iliyokuwa ikichajiwa pembeni, akiuviringa mkononi. “Wewe nenda ukae na yeye. Mimi nitapita kwa nyuma nisikutane naye. Nitampigia Elsie niseme mkutano watafute mtu mwingine.”

Celestine aliuangalia ule waya ukipungua. Miaka miwili alikuwa amengoja, na kila mara aliogopa neno la mama, akalizunguka. Akaona amechoka kuzunguka.

“Lete hiyo kompyuta,” akasema.

“Ya nini?”

“Wewe huwezi kuingia mahali mama ameketi. Mimi naweza. Nionyeshe mahali pa kubonyeza.”

“Na akikataa mbele ya wote?”

“Atakuwa amenikataa mimi, si wewe. Na mimi amenizaa, atanipeleka wapi?”

Simiyu akafungua kompyuta. Wakasimama bega kwa bega, akamwonyesha: hapa ni picha, hapa ni majina, hapa hoteli wanaweka oda. Alishika kidole cha Celestine akakielekeza. Kisha hakukiachia. Walikaa hivyo kitambo, vidole viwili juu ya kitufe kimoja.

Saa nane kina mama walikuwa wamejaa kwenye banda la mabati, wengine bado wana magamba ya samaki kwenye mikono. Penina alikuwa ameketi mbele, leso imemfunika kichwa, macho ameyaelekeza ziwani. Celestine alipoingia na kompyuta, mama hakugeuka. Celestine akajiambia hawa ni kidato cha tatu tu, wamezidi umri.

Akaanza. Akawaonyesha ukurasa wa kwanza: mashua zinaingia asubuhi, na chini yake nyuso zao kumi na nne, kila mmoja na biashara yake. Akawaeleza kwamba mpishi wa hoteli mjini ataamka, atatazama simu, na ataona nani ana ngege na nani ana mbuta, na ataweka oda kabla wachuuzi hawajamfikia. Kila mama alipojiona alimgonga mwenzake bega. Elsie alipotokea akiwa amekaa juu ya gunia la omena, dagaa wa ziwani, mikono kiunoni, banda zima likacheka.

“Si nilimwambia asinipige picha nikiwa nimekaa hivyo?” Elsie akasema, lakini alikuwa amefurahi. Akasimama, akajinyoosha. “Websaiti ni nzuri. Mimi nasema ukweli, ni nzuri. Lakini siwezi kupea kazi mtu hajitokezi. Fundi alikuwa hapa saa sita anakula. Sasa ametuma mwalimu. Ako wapi? Kwa nini anajificha?”

“Kweli,” mwingine akasema. “Leo anajificha hata kazi hajapewa. Akipewa tutamwona kweli?”

Minong'ono ikaanza. Celestine akamtazama mama yake, maana jibu halikuwa lake kutoa. Watu wote wakamgeukia mwenyekiti.

Penina akainuka. Alikaza leso yake. Kwa mara ya kwanza tangu jikoni, alimtazama binti yake, kisha akatazama watu.

“Elsie,” akasema, “ni mimi nilikuletea huyo kijana. Nilikuja kwako nikasema, huyu ni mtoto wangu, mpe kazi. Mlisikia?”

“Tulisikia.”

“Hiyo neno naiondoa.”

Celestine akashika ukingo wa meza.

“Si mtoto wangu,” mama akaendelea. “Nilikuwa simjui. Leo ndio nimeambiwa yeye ni nani. Kwa hivyo kutoka leo, mkitaka kumwita msinitume mimi. Akiketi hapa, mimi nitaketi kule. Jikoni yangu asikanyage. Simu yangu asipige. Sitaki kumwona, sitaki anione.” Sauti yake, iliyozoea kushindana na injini za mashua, ikapungua. “Hajifichi, Elsie. Ako nje kwa sababu ana adabu. Mimi ni maro wake, mama mkwe. Huyo ndiye anaoa Celestine.”

Elsie akapiga kigelegele, na kina mama wengine wote wakakipokea, na mabati ya banda lile yakatetemeka. Mtu alimkumbatia Celestine na kumpaka magamba. Mtu mwingine alikuwa amekwishaanza kucheza mabega.

“Subiri,” Elsie akasema, akishika kifua. “Maro? Na ule mfupa? Si ni wewe ulimtoa mfupa kwa koo?”

“Nilikuwa sijui,” mama akasema kwa heshima zote. “Mungu mwenyewe ameona nilikuwa sijui.” Banda likaangua kicheko upya. Akainua mkono, wakanyamaza, maana bado alikuwa mwenyekiti. “Wanaokubali websaiti wainue mkono. Na msimnyime mkwe wangu kazi kwa sababu ya wivu. Sasa mimi siwezi tena kugombana na yeye. Nyinyi ndio mtagombana na yeye kwa niaba yangu.”

Mikono yote ikainuka, mingine miwili miwili.

Celestine akamfikia mama yake. Alitaka kusema asante, alitaka kuomba msamaha, na yote aliyokuwa ameyapanga tangu Alhamisi yakamtoroka tena. Mama akamshika kidevu kama alivyokuwa akimshika akiwa mdogo na kamasi.

“Ulinificha mtu mzuri,” akasema kwa sauti ya chini. “Hiyo tutaongea mimi na wewe nyumbani. Sasa toka nje umwambie kazi amepata. Na umwambie hiyo picha yangu leso imekaa vibaya, abadilishe.”

Celestine akatoka mbio. Simiyu alikuwa ameketi juu ya kreti tupu karibu na mashua iliyogeuzwa kifudifudi, mgongo kaupa banda, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Vigelegele alivisikia, lakini kina mama wa Dunga hupiga vigelegele hata mashua ikiingia na mzigo mzuri, na hakuthubutu kutumaini. Aliposikia hatua zake, akasimama.

“Amesema nini?”

“Amesema usikanyage tena jikoni kwake,” Celestine akasema, akihema. “Usimpigie simu. Hataki kukuona, hataki umwone.”

Mtu wa kwingine angelia. Simiyu alizaliwa na kulelewa Bungoma. Alisimama akayapitia maneno yale moja baada ya jingine, na uso wake ukaanza kufunguka.

“Alisema hivyo mbele ya watu?”

“Mbele ya wote.”

“Kwa mdomo wake?”

“Alisimama akasema. Na kazi wamekupa, mikono yote ilikuwa juu.”

Simiyu akashika mikono ya Celestine yote miwili, akaipeleka kifuani mwake. Celestine akamwona machozi, na Simiyu hakujaribu kuyaficha.

“Nitapiga simu nyumbani,” akasema mwishowe. “Niwaambie wazee wajitayarishe.”

“Leo?”

“Sasa hivi. Kabla hajabadilisha…”

Hakumaliza, kwa kuwa mlango wa banda ulifunguka na mama akatoka. Simiyu alimwachia Celestine mikono, akaruka, akachuchumaa nyuma ya mashua, mtu mzima mrefu vile, magoti yamemfika masikioni. Mama akaona. Hakika aliona, maana kiatu kimoja kilikuwa kimebaki nje. Akashusha leso mpaka kwenye nyusi, akageuza uso ziwani, akapita polepole akiuma midomo asicheke. Na Celestine akabaki amesimama katikati yao, mama yake upande huu na mume wake upande ule, kila mmoja akijificha mwenzake asimwone, kwa heshima zake zote, na akacheka mpaka akaketi mchangani.